Mgeni njoo, mwenyeji apone: Somo kutoka Milima ya Mahale



Kuna methali ambayo watoto wetu huielewa kabla hawajaweza kuisali vizuri Baba Yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto huielewa kwa tumbo. Siku mgeni anapobisha hodi, yule jogoo aliyeranda uani kwa miezi anakamatwa, wali unapikwa katikati ya wiki, na baba aliyenuna tangu juzi anaonekana akicheka. Mgeni amekuja na nyumba nzima imepona.

Lakini methali hii ina upande wa pili ambao tunausahau. Inamdai mgeni. Haisemi tu kwamba mgeni aje. Inasema kwamba akija, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba kuna mgeni ambaye akija mwenyeji anaugua, na huyo hakukusudiwa na methali hii hata kidogo. Leo nakuomba tuutafakari upande huo. Tutasafiri pamoja hadi mahali ambapo methali hii ni jambo la uhai na kifo hasa: Milima ya Mahale, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma.

Nimechagua safari kwa sababu msimu wake umefika. Mvua zimekatika, barabara za vumbi zinapitika, wanafunzi wako likizo. Parokiani na mitaani makundi yanapanga kutoka: kwaya, vijana, akina mama, hata wazee wa kanisa. Ni jambo jema. Bwana wetu mwenyewe aliwaita mitume wake kando, mahali pasipo watu, wapumzike (Mk 6:31), na mara nyingi alipanda mlimani kusali. Anayekwenda mlimani anamfuata Yesu. Swali la leo ni hili tu: tunakwenda tukiwa wageni wa namna gani?

Wageni waliopita Ujiji

Safari ya kwenda Mahale kwa barabara inaanzia Kigoma mjini, na haina budi kupita jirani na Ujiji. Nakuomba tusimame hapo kidogo, chini ya miembe, kwa sababu Ujiji umewajua wageni wa kila aina.

Kwa miongo mingi Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Walikuja wafanyabiashara na nguo, shanga na bunduki. Wakarudi na pembe za ndovu, na pamoja na pembe wakarudi na watu. Walipokelewa, wakapewa mahali pa kulala na chakula, lakini wenyeji wa nchi za kandokando ya ziwa hawakupona kwa ujio wao. Vijiji vilichomwa moto. Watoto walitenganishwa na mama zao na kupelekwa pwani wakiwa wamefungwa. Huyo ni mgeni wa kwanza.

Mgeni mwingine ni David Livingstone. Mwezi Julai 1871 alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa katika Kongo ya leo, akashuhudia watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuwa sokoni. Alirudi Ujiji mwezi Oktoba akiwa mgonjwa, akakuta mali aliyotumiwa imekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa kuitunza. Muda mfupi baadaye, mwaka huo huo, Henry Morton Stanley alimkuta hapo, na mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwao upo mpaka leo. Lakini kwangu mimi lililo kubwa kuliko kukutana kwao ni ile taarifa ya Nyangwe. Mzee mgonjwa asiye na mali aliandika alichokiona, na maandishi hayo yalisaidia kuongeza shinikizo lililofunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Mwezi Januari 1879 wakafika Ujiji wamisionari Wakatoliki wa kwanza wa ziwa hili, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Mmoja wa wenzao alikuwa amekwisha kufa njiani kabla hawajaliona ziwa. Miaka miwili baadaye, Rumonge, upande wa Burundi ya leo, wengine watatu waliuawa.

Lakini mgeni ninayempenda kuliko wote hakutoka Ulaya. Anaitwa Adriano Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, jirani na Timbuktu. Akiwa mtoto aliibwa na kuuzwa utumwani, akavushwa jangwa, kisha wamisionari wakamkomboa kule Algeria. Walimsomesha udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao huu huu, kusini mwa Mahale. Hakuondoka tena. Alikuwa daktari na katekista hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 ya kuwatibu watu wasio wa kabila lake, katika nchi isiyo yake, yeye ambaye watu walimtendea kama mzigo wa kuuzwa. Alipokuja, mwenyeji alipona, na alipona kwa maana ile ile ya zahanati: homa zilishuka, vidonda vilikauka, watoto waliishi.

Basi, ndugu msomaji, tunapoondoka Ujiji tubebe mioyoni aina hizi za wageni. Wote walipita ziwa lile lile na kunywa maji yale yale.

Barabara inapoishia

Mahale iko kilometa zipatazo 120 kusini mwa Kigoma. Kwa vizazi vingi watu wa mwambao huu walisafiri kwa maji: mitumbwi, boti, na ile meli kongwe ya Liemba, ambayo Wajerumani waliijenga kwao mwaka 1913 na kuileta vipande vipande hadi Kigoma. Lakini ipo pia njia ya nchi kavu. Unapita Simbo penye michikichi, unafika Ilagala, unavuka Mto Malagarasi, kisha unafuata vijiji vya mwambao kuelekea Buhingu.

Mwezi Julai 2024 niliisafiri njia hiyo na vijana wa parokia moja, kumi na watatu, ndani ya Coaster ya kukodi. Vumbi lilitufanya wote tuwe wa rangi moja. Kijana mmoja alikuja na spika kubwa ya muziki, akaipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Jioni tulilala kijijini kwa waamini. Vijana walikuwa wameota migebuka ya Tanganyika tangu Kigoma. Mama mwenye nyumba alitenga ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na kuku mmoja ambaye, kwa wingi wetu, alikuwa zaidi ishara ya upendo kuliko kitoweo. Mmoja wa vijana akauliza samaki wako wapi. Baba mwenye nyumba, mvuvi tangu ujana wake, akajibu, "Ziwa limelala, Padri. Tumeliacha lipumzike."

Alikuwa anasema jambo la kweli. Mwaka huo Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, katika mpango wa pamoja wa nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, meta zipatazo 1,470, na urefu wake unakaribia kilometa 670. Ukisimama ufukweni huoni namna mtu anavyoweza kulimaliza. Lakini wavuvi wenyewe walikuwa wamekwisha kuona samaki wakipungua. Mvuvi yule hakuficha kwamba miezi ile ilikuwa migumu kwake, ada za shule hazikusubiri ziwa liamke. Hata hivyo alituambia kwamba anayekomba chungu leo atalala njaa kesho, na kesho hiyo ina watoto wake.

Nikawakumbusha vijana Injili ya Luka sura ya 10. Yesu anawatuma wale sabini na wawili wawili wawili, anawapa adabu za ugeni. Wasibebe mfuko wala mkoba. Wakiingia nyumba, neno lao la kwanza liwe la kuitakia amani. Wale wanachopewa. Wasihamehame nyumba hadi nyumba wakitafuta penye mchuzi mnono zaidi. Tumezoea kuyasoma maneno haya kama maagizo kwa mapadre na watawa. Lakini yasome tena ukiwa kwenye mkeka wa mtu, mbele ya ugali wake wa mwisho wa wiki. Ni maagizo kwa kila mgeni.

Kesho yake barabara tuliiacha, tukaingia boti. Na hapa ndipo Mahale inapoanza kukufundisha. Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara za magari. Eneo lake ni kilometa za mraba 1,613, na utazunguka kwa miguu tu. Meneja na dereva, mbunge na mpiga kura wake, wote wanapanda kwa miguu yao miwili wakihema. Kilele cha Nkungwe kina meta 2,462 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya meta 1,600 juu ya uso wa ziwa. Sisi hatukwenda hadi kileleni, na magoti ya padri aliyevuka miaka hamsini yalimshukuru Mungu. Lakini hata njia za chini zinatosha kumshusha mtu mabega. Ile spika ilibaki kwenye boti. Hakuna aliyeikumbuka tena.

Wenyeji wa mlima

Nani mwenyeji wa Mahale? Wengi watajibu: sokwe. Ni kweli, lakini tuanze na watu.

Milima hii ilikuwa makazi ya Watongwe. Walilima, waliwinda, na walipanda vileleni kutambikia wahenga wao. Katika miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, walihamishwa na kuwekwa kwenye vijiji vya mwambao. Mwaka 1985 milima ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Leo, mjukuu wa mtu aliyezaliwa kwenye mabonde yale anahitaji kibali kuingia, kama mimi na wewe. Sisemi hayo kulaumu hifadhi. Bila hifadhi huenda msitu ule usingekuwepo. Nasema ili tujue kwamba uzuri tunaokwenda kuutazama una watu walioulipia. Mgeni mwenye adabu huuliza nyumba hii ilikuwa ya nani kabla hajaisifia.

Kisha sokwe. Mwaka 1965 Mjapani Toshisada Nishida, wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alianza kuwachunguza sokwe wa Mahale, na utafiti huo umeendelea kwa miongo mingi. Haikuwa kazi ya siku moja sokwe kumkubali binadamu awe karibu. Ilihitaji mgeni awe tayari kukaa, kungoja, na kuja tena kesho bila kuudhi.

Wageni hao waliona mambo ya kushangaza. Sokwe wa Mahale, wanapochambuana manyoya, wana desturi ya kuketi wawili wakitazamana, kila mmoja akainua mkono mmoja, wakashikana viganja juu ya vichwa vyao. Wenzao wa Gombe, kaskazini ya Kigoma, hawakuonekana kuwa na desturi hiyo. Mimi sisemi kwamba sokwe wanasali. Lakini mtu anayetazama hawezi kuacha kukumbuka ile dakika ya Misa tunapoambiwa tutakiane amani, na jinsi wengine wetu tunavyotoa ncha za vidole huku macho yako kwingine.

Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, akiwa na mzee wa Kitongwe aliyekuwa mtumishi wa hifadhi na mjuzi wa dawa za miti, alimfuatilia sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Chausiku alikuwa anaumwa, amelegea. Akauendea mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akavunja tawi, akalimenya gome, akatafuna kiini na kuyameza maji yake. Yule mzee akamweleza mgeni wake kwamba Watongwe nao huutumia mti huo kwa maumivu ya tumbo na homa. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nafuu. Habari hiyo imesomwa na wanasayansi dunia nzima, na imetokana na mzee wa kijiji ambaye alijua mti, na mgeni ambaye alikubali kufundishwa na mwenyeji wake.

Kijana aliyebaki ufukweni

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike leo.

Kwa kuwa miili ya sokwe inafanana sana na yetu, magonjwa yetu yanawapata. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa chai ya tangawizi na siku mbili za kulala yanaweza kumwua sokwe. Si nadharia. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa ulilikumba kundi la sokwe wanaotembelewa na wageni Mahale, na baadhi yao walikufa. Uchunguzi ukaelekeza kwenye virusi vinavyotokana na binadamu. Ndiyo maana ziko sharia kali. Watu wachache kwa kundi moja. Barakoa usoni. Umbali wa meta kumi. Saa moja tu, kisha mnaondoka. Na mtu mwenye mafua au kikohozi haendi kabisa.

Askari wa hifadhi, dada mmoja mpole lakini asiyecheka ovyo, alitusomea masharti hayo asubuhi ufukweni. Alipomaliza akauliza kama kuna anayejisikia vibaya. Kimya.

Nilijua, na wenzake walijua, kwamba kijana mmoja kati yetu alikuwa amekohoa usiku. Alikuwa fundi viatu, ameweka akiba kwa miezi mingi kwa ajili ya safari hii. Ndiye aliyewahamasisha wenzake. Nilimwona jirani yake akimgusa kiwiko na kumnong'oneza, baadaye niliambiwa maneno yenyewe: "Vaa barakoa tu, nani atajua?" Nilikuwa nafungua mdomo kusema. Hakuningoja. Aliinua mkono kama mwanafunzi darasani akasema, "Dada, mimi usiku nimekohoa."

Yule askari alimtazama kwa muda, akamwambia, "Asante, kaka. Wengine hawasemi."

Tukaenda bila yeye. Tulipanda kwa zaidi ya saa mbili, tukawakuta sokwe kwenye miti ya matunda, mama mmoja na mtoto mgongoni, na dume mzee aliyepita chini yetu bila kujali kama tupo. Vijana hawakupiga kelele. Saa moja ikaisha kama dakika tano. Tuliporudi, yeye alikuwa ameketi mchangani akisaidia wenye boti kushona turubai, kwa kuwa sindano na uzi mnene ni kazi yake. Alitaka kusimuliwa kila kitu, na wenzake, kwa aibu kidogo, wakamsimulia.

Sitakudanganya kwamba Mungu alimlipa siku ile kwa sokwe kushuka ufukweni kumsalimia. Hawakushuka. Mpaka leo hajawaona.

Ndugu msomaji, kuna upendo unaosogea na kuna upendo unaokaa mbali. Sisi tumefundishwa sana ule wa kwanza: kumtembelea mgonjwa, kumshika mkono mfiwa, kumkumbatia ndugu. Ni sawa. Lakini mara nyingine mwenyeji anapona kwa sababu mgeni amekubali kutofika. Fundi viatu yule aliwapenda sokwe ambao hakuwaona, na hakuna picha aliyoweza kuituma kwa mtu kuonyesha upendo huo. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba kama chakula chake kinamkwaza ndugu yake, yuko tayari kukiacha daima (1 Kor 8:13). Hiyo ni haki ya mtu iliyowekwa kando kwa ajili ya uhai wa mwingine. Tunapoipanga Kwaresima huwa tunatafuta sadaka kubwa; hii ilikuja asubuhi moja ya Julai, kwa swali la askari wa hifadhi, na ilihitaji mkono mmoja tu kuinuliwa.

Sisi sote ni wageni

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu anawaambia Waisraeli kwamba ardhi ni mali yake, nao ni wageni na wapitaji wanaokaa kwake (Wal 25:23). Hayo yanasemwa katika sura ile ile inayoagiza shamba lipumzike mwaka wa saba. Mvuvi wetu wa mwambao, alipoliacha ziwa lilale, alikuwa akiishika sheria kongwe kuliko zote za uvuvi. Papa Fransisko alitukumbusha jambo hilo mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si': dunia ni nyumba ya pamoja tuliyokabidhiwa, hatukuinunua.

Kama ni hivyo, basi ugeni wetu hauanzi tunapopanda basi la safari. Tumo ugenini kila siku, na tunaweza kujipima kwa mambo matatu madogo.

La kwanza, tubishe hodi. Kwetu mtu husema hodi, akangoja karibu; akibisha mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Mungu mwenyewe, aliyeumba nyumba zote, alibisha hodi Nazareti kwa kinywa cha malaika akangoja jibu la binti mmoja. Katika Ufunuo, Yesu anasimama mlangoni akibisha. Hauvunji (Ufu 3:20). Nani basi ametupa sisi ruhusa ya kuingia bila hodi katika simu ya mwenzi, katika ndoa ya mtoto wetu, katika shamba la mjane?

La pili, tukae kwa kiasi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wahenga walijua kwamba ugeni usio na mwisho unamchosha mwenyeji. Saa moja ya Mahale inatosha. Anayemtembelea mgonjwa wodini dakika kumi na kumwacha apumzike amemsaidia kuliko anayekaa saa nzima akisimulia wagonjwa wengine waliokufa kwa ugonjwa huo huo.

La tatu, tujichunguze tunabeba nini. Mafua hayaonekani kwa macho. Kuna mtu anaingia jumuiya akiwa amebeba umbea, na wiki mbili baadaye watu waliosali pamoja miaka kumi hawasalimiani. Kuna baba anarudi nyumbani na hasira za kazini, watoto wanaugua. Hata padri akihamishiwa parokia mpya ni mgeni, na anapaswa kujiuliza kama anabeba uzima au anabeba kikohozi cha parokia aliyotoka. Kabla ya kuingia mahali, jiulize swali la yule askari: kuna anayejisikia vibaya? Ukijibu ndiyo, kaa nje kidogo mpaka upone. Kitubio kipo kwa ajili hiyo.

Na kama msimu huu kundi lenu linapanga safari, ninawaalika Mahale. Tanzania ina milima na misitu ambayo wageni wa mbali wanaijua kuliko sisi, ingawa kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya kile wanacholipa wao. Tengeni siku za kutosha, ulizeni mapema utaratibu wa kibali na boti. Lalani vijijini kama mtapata mwenyeji. Nunueni mawese yao, muhogo wao, dagaa wao ziwa likiwa limefunguliwa. Wasalimieni Watongwe kama wenye nyumba. Chupa ya plastiki mliyokwenda nayo irudi nayo. Mkifika juu, salini Zaburi ya 24, ile inayotangaza kwamba dunia na vyote viijazavyo ni vya Bwana, halafu mteremke polepole.

Na aliye na mafua aseme.

Tuombe: Ee Baba, mwenye nyumba hii kubwa, umetukaribisha bila sisi kustahili. Utupe macho ya kuona tulipo wageni, ulimi wa kubisha hodi, na moyo wa kukubali kubaki ufukweni pale kubaki kwetu kunapomponya mwingine. Tunaomba kwa Kristo Bwana wetu. Amina.